Kamba ya Bafuni

Mama Esperance aliiona valizi pale mwanawe Vital alipofungua buti ya gari kuweka mwavuli. Ilikuwa yake mwenyewe, ile ya kijivu aliyobebea nguo kuja Amerika, zipu imekufa zamani na tumbo limefungwa kwa kipande cha kitenge. Ilikuwa imejaa mpaka imevimba. Vital akabamiza buti haraka, kama mtu aliyefumaniwa.

"Tunaenda tu kuangalia, mama," akasema.

Jamani, maneno hayo! Siku wanaondoka Uvira, kule Kongo, marehemu mumewe naye alisema wanaenda tu siku mbili, na nyumba ile hakuiona tena. Njia nzima kutoka Haltom City hadi Dallas Mama Esperance alitazama mvua dirishani. Kichwani alikuwa na jambo moja: leo naachwa.

Nyumba yenyewe ya wazee, tuseme ukweli, ilikuwa nzuri. Zulia, maua, piano isiyopigwa na mtu. Dada aliyewapokea, Whitney, alikuwa na meno mengi na haraka ya kupenda watu. Alieleza kwa Kiingereza na Vital akatafsiri: hapa si kwa wagonjwa, ni kwa wazee wanaojitegemea, kila mtu na mlango wake na ufunguo wake, hakuna wa kumsumbua.

"Hakuna wa kunisumbua," Mama Esperance akarudia.

Ala! Huo si ndio ugonjwa wenyewe? Tangu azaliwe hajalala kwenye nyumba isiyo na mtu wa kumsumbua. Korido ilikuwa ndefu, milango yote imefungwa, wala harufu ya kitunguu hakuna. Akajiona ameanguka nyuma ya mlango mmojawapo, amelala sakafuni, anaita na sauti haitoki, na huko nje watu wanapita wakisalimiana kwa Kiingereza.

"Wageni wanaweza kulala?" akauliza.

"Siku kidogo tu, mama. Na kwa ruhusa."

"Na chumba kinapatikana lini?"

Whitney alijibu akichekelea. Vital akatafsiri huku akiangalia viatu vyake. "Anasema hata leo."

Hata leo! Wakaingizwa kwenye chumba cha mfano, huko chini, dirisha linatazama magari. Bafuni kulikuwa na kamba nyekundu ikining'inia ukutani. Mzee akianguka anaivuta, kengele inalia, watu wanakuja. Ndivyo Whitney alivyosema, kisha akaenda kuleta kahawa.

"Unatetemeka, mama," Vital akasema. "Ni hii baridi ya AC. Ngoja nikuletee sweta iko kwenye gari."

"Usiende."

"Narudi sasa hivi."

Akaenda. Mama Esperance alisimama dirishani akimtazama. Akamwona anafungua buti, anainama, anaitoa valizi na kuiweka chini kwenye maji ya mvua.

Basi. Imekwisha. Anamletea mizigo yake.

Aliingia bafuni, akaishika kamba kwa mikono miwili, akavuta kwa nguvu zake zote. Kengele ikapasua korido. Hata yeye mwenyewe ilimtisha, lakini hakuachia.

Wa kwanza kufika alikuwa Vital, amelowa, hana pumzi, sweta mkononi. Alipiga magoti mbele yake akimpapasa miguu. "Umeanguka wapi? Mama! Wapi?"

"Sijaanguka. Nilitaka kuona nani atakuja." Akaendelea kuishika kamba. "Ndani ya valizi yangu kuna nini?"

"Nguo zangu. Sweta ilikuwa chini yake."

"Nguo zako?"

Hapo Vital yakamtoka. Bohari analofanyia kazi linahamia Houston, mwendo wa saa nne kwa gari, Jumatatu anaanza huko, na jioni hii anaondoka. Mama Bibiche wa kanisani amekubali kuja kulala na mama nyumbani mpaka mahali papatikane. "Nilidhani hutataka kuacha kwaya yako. Nikaona nikutafutie pazuri, karibu na wenzako."

"Juu ya nini hukuniambia?"

"Niliogopa."

"Kwa hiyo kweli ulikuwa unaniacha."

Vital alikuwa analia, na ubonge wake wote ule. Whitney na wahudumu wawili walikuwa wamejaa mlangoni, wanaangaliana.

"Leo umefika kwa sababu ulikuwa hapo nje," Mama Esperance akasema. "Kutoka Houston ungefika lini?"

Vital akajipangusa uso kwa sweta.

"Nyumba za namna hii, zenye kamba, huko hazipo?"

"Zipo, mama. Nasikia hata pale Alief, nitakapokaa."

"Bon, sawa. Katafute huko. Kwaya nitapata nyingine. Lakini sitaki nyumba ya kuendea na gari, unasikia? Nataka ile ambayo utafika ukikimbia."

"Nimesikia, mama. Sasa achia kamba."

Alitaka kuachia, vidole vikakataa. Ikabidi Vital avifungue kimoja kimoja.