Mafuta Hayana Kosa

Injini ilikohoa mara mbili katikati ya mto, ikanguruma kama inataka kupaa, kisha kimya. Osmarina akashika kasia. Boti ilikuwa imejaa vikapu vya matunda ya asaí, vyake na vya majirani waliomkabidhi, na asaí ikikosa soko la asubuhi mjini Abaetetuba, jua likipanda huchacha.

Alivutwa na boti iliyokuwa ikipita, lakini walipofika mjini wanunuzi walikuwa wameshatawanyika. Muuza juisi mmoja aliyebaki akaponda tunda kwa vidole, akanusa.

"Pole, dada. Hii imeshaanza kuchacha."

Osmarina akaenda kwa Adamor, fundi aliyeijua injini hiyo tangu marehemu mumewe Osmarina akiwa hai. Adamor akafungua kabureta, akachomoa mpira wa mafuta. Ulikuwa umelainika kama chingamu.

"Imelewa hii."

"Nani kalewa?"

"Injini yako, mama. Wameongeza tena pombe ya miwa kwenye petroli. Injini mpya zinaivumilia. Hiki kizee chako hakikuundiwa mambo hayo. Pombe inakula mipira, inavuta maji, halafu inabandua uchafu wa miaka yote tangini na kuuleta hapa."

"Mbona ya shemeji yangu ni kuukuu vilevile, anaweka mafuta hayohayo, na inakwenda?"

Adamor akajikuna shingo. "Hapo hata mimi umeniacha."

Adamor alipokuwa akibadilisha mpira, Osmarina alibeba chupa ya petroli ile hadi ofisi ya ukaguzi wa mafuta. Mkaguzi alikuwa kijana mpole. Akaimimina kwenye mrija wa kioo pamoja na maji ya chumvi, akatikisa, akasubiri. Petroli ikapanda juu, pombe ikashuka na maji.

"Iko sawa kabisa na sheria, mama."

"Iko sawa, na injini imekufa?"

"Yote mawili. Mafuta hayana kosa. Injini ndiyo imezeeka."

"Basi nielekeze nipate isiyo na pombe."

"Isiyo na pombe kabisa? Labda ya ndege."

"Sasa ninunue ndege nibebee asaí?"

Kijana akacheka sana. Osmarina hakucheka. Alikuwa ameuliza akitaka kujua.

Akarudi kwa fundi. Adamor alikuwa amesafisha kabureta na kumwaga mafuta yote ya zamani. Akamwambia anunue mapya, asiyalaze tangini.

"Mapya ya wapi?"

"Palepale. Kwani kuna pengine?"

Akapiga kasia hadi kituo cha mafuta kinachoelea, pampu pekee upande ule wa mto. Clodoaldo, mhudumu wa pampu, akamjazia. Osmarina akavuta kamba ya injini. Ikakohoa. Akavuta tena, akavuta mpaka bega likaanza kumuuma. Nyuma yake boti zikaanza kupanga foleni.

"Sogeza boti, mama, wenzako wanataka mafuta," Clodoaldo akasema.

Osmarina akafunga kamba ya boti kwenye nguzo ya pampu, mafundo mawili, akakaa juu ya vikapu.

"Mafuta yako ni mazuri, Clodoaldo?"

"Mazuri. Yamepimwa."

"Basi iwashe wewe. Ikiwaka naondoka."

"Mimi nauza tu, mama! Kwani mimi ndiye niliyetia pombe?"

"Sijui nani kaitia. Leo kutwa nauliza. Iwashe."

Honi zikalia. Clodoaldo akatazama ile foleni, akatukana chinichini, akaruka botini. Akavuta kamba. Akavua kofia, akavuta tena. Shati likamganda mgongoni. Injini haikutoa hata kikohozi.

Mzee wa boti ya pili akanyoosha shingo. "Kwani mafuta yana nini leo?"

"Hayana kosa," Osmarina akajibu, bila kumcheka mtu.

Yule mzee akaitazama injini yake mwenyewe, kuukuu, rangi imebabuka. Akaacha kupiga honi. Clodoaldo akavuta tena.