Penye Umeme

Asubuhi hiyo msusi aliamka na njaa ya kufa mtu, na njaa yenyewe ikamfurahisha. Miezi mingi chakula kilikuwa kama majani mdomoni mwake. Alishinda kitandani, hataki jua wala mtu, mikono ikimwaka kutoka vidoleni hadi mabegani kana kwamba imepakwa pilipili. Picha na vipimo havikuonyesha kitu.

"Anajifanya," watu wakasema.

Ni daktari mmoja wa hospitali aliyemwambia kwamba maumivu ni ya kweli, huzuni ni ya kweli, na vyote viwili vitatibiwa pamoja: sindano ya usingizi, kisha umeme kidogo kichwani.

Sasa, baada ya kutibiwa hivyo mara kadhaa, alingoja tena zamu yake barazani hospitalini, tumbo tupu kama alivyoagizwa, huku akimsuka muuguzi wa wodi. Mumewe, fundi viatu, alimkodolea macho.

"Vidole vimerudi, mke wangu!"

"Vimerudi. Ila umeme umenipotezea jina la jirani yetu."

"Liache lipotelee huko. Umbea wake haujapungua."

Mara taa zikazimika. Karani wa hospitali akatokea. "Umeme umekatika. Nendeni, mje wiki ijayo."

"Na jenereta ile inayonguruma?" msusi akauliza.

"Ya ofisi."

"Kwani ofisi inaumwa nini?"

Wagonjwa wakaangua kicheko. Karani akanuna. "Mama, ugonjwa wenyewe mawazo tu. Utangoja."

Zamani neno hilo lingemrudisha kitandani. Leo aliinuka, kitana mkononi.

"Haya jamani, tukangojee penye umeme."

Wakaingia ofisini wote, wakajaa vitini na sakafuni. Mzee mmoja akavua viatu, akausifu ubaridi wa kiyoyozi. Msusi akaendelea kumsuka muuguzi. Daktari alipokuja kuwatafuta, aliwatazama, akamtazama karani, kisha naye akaketi chini. Karani akabaki amesimama, hana hata pa kuweka mguu. Mwishowe akamwita fundi wa umeme ahamishe nyaya za jenereta.

Kiyoyozi kikanyamaza. Taa za chumba cha matibabu zikawaka, na vigelegele vikapaa.

Muuguzi, nusu ya kichwa chake imesukwa, nusu imetimka, akamsukuma msusi kwenye kitanda cha magurudumu.

"Mikono inauma leo?" daktari akauliza, sindano tayari.

"Inauma."

Daktari akaishusha sindano.

"Lakini maumivu ya leo ni ya kazi," akasema msusi, akacheka mpaka usingizi ukamchukua.