Mikono ya Alupo Chuoni

Siku mbili kabla ya wanafunzi wapya kuripoti chuoni, mwaka wa 1993, Alupo alifunga hoteli yake ya mbao pale Malaba, karibu na foleni ya malori yanayongoja forodha. Alimwomba Leonida wa kibanda cha pili awaambie madereva kwamba ugali wa wimbi utakuwepo tena wiki ijayo. Kisha akapanda basi na binti yake.

Asio alikuwa na miaka ishirini. Homa ya uti wa mgongo ilimziba masikio akiwa na miaka mitatu, na tangu hapo mamake aliongea naye kwa mikono. Ishara nyingine walizitoa shule ya viziwi. Nyingine walizitunga wenyewe jikoni, vidole vikiwa na unga.

Kwenye ofisi ya huduma za wanafunzi wapya walipokelewa na Bwana Oyugi, mtu mpole aliyevaa sweta, ambaye aliondoka kwenye kiti chake ili wote wawili wapate pa kukaa.

"Mama, hapa hakuna shida," alisema. "Tuko na kliniki, tuko na hosteli, tuko na mshauri kama mtu ako na mawazo mingi. Hata kanisa iko."

Alupo alimpa bintiye maneno hayo kwa mikono. Asio akajibu.

"Anauliza ni nani atamwambia yeye vile mwalimu anasema."

Oyugi alifikiri kwa dhati. "Huyo hatuna. Lakini tumemchukua kama wengine wote, mama. Sisi hatubagui."

"Basi mimi nitakaa naye darasani."

"Wewe haujaandikishwa. Askari atakutoa."

Asubuhi masomo yalipoanza, askari alimtoa baada ya dakika kumi. Alifanya kazi yake kwa heshima na akamshika kiwiko kwenye ngazi asijikwae.

Walirudi chumbani kwa Asio. Alupo alimpa maagizo kwanza, maana baadaye asingeweza: aiweke mikono mezani penye mwanga, asiiache kwenye baridi, aipake mafuta kila Jumapili. Kisha mikono ya mama ikavuliwa vifundoni, ikafungwa kwenye leso. Alupo akarudi Malaba na basi la mchana. Kondakta alimtilia tiketi kwenye mfuko wa blauzi bila kuulizwa.

Asio alisomea botania. Ukumbi ulikuwa na wanafunzi karibu mia tatu, na mhadhiri aliitwa Daktari Amollo. Siku ya kwanza mikono ilitoka kwenye leso, ikasimama juu ya meza, ikanyoosha vidole, ikangoja. Amollo aliposema neno la kwanza, ilianza kutafsiri. Amollo aliona, akaisogeza meza karibu na dirisha, akaendelea kufundisha.

Ilikuwa mikono ya mwanamke wa jikoni, yenye makovu ya mvuke na kucha fupi, lakini hakuna aliyeweza kuitazama kwa muda mfupi tu. Wiki ya tatu wanafunzi wa nyuma walihamia mbele, kwa kuwa yale waliyoshindwa kuyaelewa kwa masikio walianza kuyaelewa kwa macho. Siku ya somo la maji ndani ya mti, mikono ilianzia chini mezani, kwenye mizizi, ikapanda polepole. Ukumbi mzima uliinua vichwa pamoja nayo mpaka darini. Amollo alingoja hadi maji yalipofika kileleni.

Mara mojamoja ilitia maneno yake yenyewe. Umekula? iliuliza katikati ya sentensi. Kaa wima.

Malaba, Leonida alimlisha Alupo, alimfunga kilemba, alimfungia vifungo vya nguo. Ugali pia alisonga yeye, ukatoka na madonge, na madereva wakaula. Siku moja Alupo aliacha kutafuna.

"Leonida, majani yanapumua."

"Yanapumua na nini?"

"Iko na midomo kidogo-kidogo, upande wa chini. Wamesema saa hii." Alielekeza kidevu kwenye vifundo vyake, pale mikono ilipovuliwa.

Leonida alitoka nje, akachuma jani la muhogo, akaligeuza. Alilitazama mpaka ugali ukaanza kuungua. Dereva mmoja wa kutoka Kampala aliomba naye alione, akavua kofia.

Mwaka wa pili kaka yake Alupo, Echodu, alifariki. Kaburini Alupo alisukuma udongo kwa mguu, kwa sababu hakuwa na cha kuutupia. Saa ileile, chuoni, mikono ilisimama katikati ya somo, ikafumba, kisha ikafunguka ikielekea chini kama inayomwaga kitu. Asio akajua kuna msiba nyumbani. Kisha mikono ikarudi kwenye somo, na haikuwa imeruka hata neno.

Wakati wa likizo mikono ilirudi nyumbani ikiwa na wino vidoleni, na Alupo akapika mwenyewe. Chuo kilifungwa mara mbili kwa migomo, na Alupo, ambaye aliombea amani kila Jumapili, hakuombea kifunguliwe upesi.

Asio alihitimu mwaka wa 1997. Siku hiyo Alupo alikuja, na mikono yake ikamtafsiria Asio hotuba zote, hata ile ndefu. Baadaye mama na binti walipita ofisini kurudisha ufunguo wa chumba. Oyugi alifurahi sana kuwaona. Aliwaonyesha kijitabu cha wanafunzi wapya, ambamo sasa mlikuwa na mstari uliosema kwamba huduma kwa viziwi ipo. Aliwaonyesha pia rafu ndogo ukutani, iliyotandikwa kitambaa safi.

"Ni ya kuweka mikono," alisema. "Hii yenu ilitufungua macho."

Kwenye viti walikaa msichana aitwaye Sheilah, kutoka Namboboto, na nyanya yake, aliyemlea na kuongea naye kwa mikono. Sheilah alikuwa kiziwi. Oyugi alikuwa ameshawaeleza, kwa upole uleule, kwamba mikono ni familia huja nayo. Nyanya alikuwa akivitazama vidole vyake, vilivyopinda kwa jembe.

Asio alifungua leso, akamvisha mamake mikono. Alupo aliikunja, akaikunjua, akamgeukia Sheilah na kumsalimu. Msichana alisimama na kujibu kwa mikono, haraka, maneno mengi kwa pamoja.

"Dada," nyanya akamwuliza Alupo, "hii kitu inauma?"

"Kidogo. Ya kwanza utatoa mwenyewe," Alupo alisema. "Ya pili lazima mtu akusaidie."

Nyanya alishika kifundo cha mkono wake wa kushoto, akakizungusha. Alipomaliza, alimnyooshea Alupo ule wa kulia.