Mkwe na Mama Mkwe Mteremkoni

Dhahabu ilipoonekana, njia ya miguu ishukayo kutoka machimboni hadi kwenye karasha, pale yasagwapo mawe, ilibadili wenyewe. Awali ilikuwa ya akina mama na mizigo yao ya kichwani. Sasa ilitawaliwa na baiskeli zisizo na breki, na atembeaye ndiye aliyepaswa kurukia vichakani.

Mniko alikuwa akishuka kwa baiskeli yenye magunia mawili ya mawe alipomwona mbele yake Mokami, mama mkwe wake, amejitwisha mtama. Kwa Wakurya, mkwe na mama mkwe hawapitani karibu wala hawagusani; mmoja sharti aiache njia.

"Mama, njia!" alipaza sauti, akakata kushoto ili amwachie heshima yake. Mokami, kwa kuitambua sauti ile, alijifunika uso kwa khanga, naye akaingia kushoto hukohuko.

Baiskeli ikamgonga, paja la Mokami likavunjika. Damu ikatiririka juu ya mtama. Mniko akanyoosha mikono.

"Usiniguse!" Mokami alifoka, uso ungali umefunikwa. "Binti yangu utamshika kwa mikono ipi?"

Mniko akampa mgongo. Kwenda kuita watu hakuthubutu, maana baiskeli zingempitia mama pale chini. Akasimama katikati ya njia, akiomba.

"Jamani, nisaidieni kumwinua mama!"

"Kwani wewe umekatwa mikono?"

"Ni mama mkwe wangu."

"Basi mwamkie shikamoo kwa mbali!" mwendesha baiskeli akacheka, asipunguze mwendo. "Na uondoe mawe yako, unatuzibia!"

Waliokuja kwa miguu walimsikia Mniko akipiga kelele kama mwenye baiskeli yeyote aombaye njia. Makovu yalikuwa yamekwisha kuwafunza maana ya kelele hizo. Wakaiacha njia wangali mbali, wakauzunguka mlima.

Nyuma yake kilio cha Mokami kilizidi kufifia. Mara mbili Mniko aligeuka, na mara mbili akakemewa, "Geuka huko!" Mara ya tatu hakukemewa.

Siku ya matanga wazee walimsifu hadharani: katika vijana wote walioharibiwa na dhahabu, huyu peke yake ndiye aliyebaki na adabu. Felista, mkewe, aliomba ruhusa ya kuuliza neno moja.

"Mama alichukua muda gani kukata roho?"

"Tangu saa nne mpaka saa saba," Mniko akajibu, kwa kuwa alilelewa kusema kweli.