Bibi Mina Aja Kuandikisha Jina

Usigeuze uso. Umepita mara ngapi kwenye uwanja ule nyuma ya hospitali ya wendawazimu, ukajifanya unatazama mahindi? Lorene Dieckhaus naye alipita hivyo miaka arobaini.

Jumanne hiyo alikuwa akikata keki ya tufaha kwenye chumba cha chini cha kanisa la Kilutheri, mjini kwao, jimbo la Missouri, Marekani. Chama cha kutafuta habari za mababu waliotoka Ujerumani kilikuwa kinafunga orodha ya majina ya jiwe la ukumbusho. Fundi angeanza kuchonga kesho. Saa tisa akaingia Wilhelmine Kleinsorge, aliyefariki mwaka 1919.

"Futa viatu, Bibi Mina," alisema mwenyekiti, Harlan Clayton. "Hapa pamepigwa deki sasa hivi."

Akafuta udongo. Lorene akamvutia kiti, akammiminia kahawa.

"Nataka niandikwe," alisema Mina. "Kule uwanjani kaburi langu lina namba tu."

Habari zake wote walizijua, ila hakuna aliyewahi kuziandika. Wakati Marekani ilipopigana vita na Ujerumani, kaka yake, babu yake Harlan, alibadili jina la ukoo akawa Clayton, akaichoma Biblia ya Kijerumani kwenye jiko. Mina aliendelea kusali kwa lugha ya mama yake, madirisha wazi. Kaka akaenda kwa hakimu, akatia sahihi kwamba dada yake ana wazimu, naye akafungiwa kwenye hospitali ile hadi kufa.

"Mwandike, Harlan," alisema Lorene.

"Akikubali Clayton, namwandika hata sasa."

"Ningelikubali jina hilo, kule hospitalini ningelifuata nini?" Mina alipuliza kahawa yake. "Babu yako alikuwa mwoga, mwanangu. Hata bata bukini walimkimbiza."

Watu wakacheka, Harlan naye akacheka. Kisha akaitisha kura. Kumwandika Kleinsorge, wakasema, kungezua maswali. Mikono tisa ilikataa. Wa Lorene ulikuwa peke yake.

Mina akamaliza keki, akashukuru, akasaidia kufuta meza. Alikuwa amechoka kama mtu aliyetoka kuvuna. Lorene akamrudisha kwa gari hadi uwanjani, akamwona anajilaza na kujivutia majani hadi kidevuni. Asubuhi fundi akaanza kazi, na Mina hayumo.

Mle uwanjani wamelala mia mbili. Mmoja ni wa kwenu, yule ambaye mama yako alikukataza kumtaja. Unalijua jina lake. Inuka, chukua nyundo na patasi, nenda ukalichonge leo.