Mkono Uliomshika Muthoki

Jumamosi moja Ndila alikuwa akikaza nyuzi za gita jukwaani, katika ukumbi mmoja wa Emali, dadake mdogo Muthoki alipoingia na kutafuta kiti. Muthoki alikuwa amezikwa Nuu, alikoolewa, mwaka uliotangulia. Alivaa gauni la samawati alilozikwa nalo, na pindo lake lilikuwa na mchanga mwekundu. Gedion, mpiga besi, alimfutia kiti cha mbele, akamletea soda. Hakuigusa, ila alishukuru.

Watu walikuwa wamekuja kwa ajili ya wimbo mmoja. Ndila aliutunga nyumbani kwao Kilungu, baada ya mazishi, na ulimpa kila alichowahi kutamani. Redio za Kikamba ziliupiga asubuhi na jioni, makanisa yalimwalika, na kutoka Makueni hadi Mwingi hapakuwa na marehemu aliyezikwa bila kuimbiwa. Kilio kilianza walipofika kwenye kiitikio: *Nilikushika mkono, mdogo wangu, hadi kulipokucha.*

Usiku Muthoki alipokuwa akifa, Ndila alikuwa Emali, akitumbuiza kwenye sherehe ya kufungua duka. Simu iliita ndani ya mkoba wa gita. Aliiona, akaiacha iite.

Shoo ilipokwisha, Muthoki alimfuata nyuma ya jukwaa. Alimwambia wimbo ni mzuri, na kwamba hata huko aliko wanaupenda.

"Lakini mkono ulikuwa wa Mwanahamisi," akasema, bila hasira. "Rekebisha hapo."

Mwanahamisi alikuwa jirani ya Muthoki, mjane mwenye duka la vitambaa. Ndila alifunga safari hadi Nuu, akamkuta akimpimia mteja kitambaa cha pazia. Alikaribishwa chai. Alipouliza usiku ule ulikuwaje, Mwanahamisi alimweleza taratibu: mume wa Muthoki alikuwa kazini Mombasa, gari la kumpeleka hospitali liliahidiwa na halikuja, na mgonjwa alikuwa hataki kuachwa peke yake.

"Alikuwa akiniuliza kama umefika," akasema. "Nikamwambia uko njiani."

Ndila akalia, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata kaburini. Mwanahamisi alimwacha alie mpaka akaridhika. Kisha Ndila akaomba ruhusa ya kulitia jina lake kwenye wimbo.

"Litie, kama litakupunguzia mzigo," Mwanahamisi akamjibu. "Wateja huniambia niusikilize huo wimbo, nijue dada mwema anakuwaje."

Ndila akabadilisha maneno: *Mwanahamisi alikushika mkono, mimi sikuja.* Mara ya kwanza aliyaimba kwenye harambee ya kanisa, na waumini wakaitikia yale ya zamani. Alidhani hawakusikia. Akasimamisha bendi, akaeleza kwenye maikrofoni yote yaliyotokea, pamoja na ile simu. Mchungaji akasema ni wachache mno wenye unyenyekevu kama huo. Watu wakapiga makofi, wakasimama, wakaimba maneno ya zamani kwa sauti iliyozidi ya kwanza. Rekodi mpya ilichezwa redioni siku moja, ikaondolewa kwa sababu wasikilizaji walipiga simu kulalamika kwamba imeharibiwa.

Muthoki hakukosa shoo hata moja. Mabawabu walimzoea, wakawa wanampitisha bila tiketi. Waliokaa karibu naye walimpa mkono na kumwambia ana bahati kuwa na dada kama yule. Naye aliwaeleza ilivyokuwa, wakampapasa bega kwa huruma, kwa maana marehemu husahau.

Mwaka ulipokaribia kuisha, Ndila aliitwa kuimba kwenye mazishi ya mwanamke mmoja wa Kilungu. Aliimba maneno mapya, na milima yote ikamrudishia yale ya zamani. Baadaye dada ya marehemu, macho yakiwa bado mekundu, alimjia akiomba wapigwe picha pamoja. Alisema wimbo huo ndio uliomsimamisha wiki nzima.

"Mimi sikuwa pale," Ndila akamwambia. "Dadangu alikufa nikiwa sipo."

"Tunajua, umesema," yule mwanamke akajibu kwa upole. "Sogea huku kidogo, jua linatua."

Akatazama pembeni kumtafuta mtu wa kuwapiga picha, akamkabidhi Muthoki simu. Muthoki aliishika kwa mikono miwili, akawaambia wakaribiane zaidi. Aliwapiga picha mbili, kwa sababu kwenye ile ya kwanza Ndila alikuwa amefumba macho.