Pumzi za Mpiga Tarumbeta

Mume wangu ni mbishi kwa kila jambo, isipokuwa kupumua. Hapo hutii kupita kiasi. Amepuliza tarumbeta miaka arobaini, na vijana wa bendi yake amewafundisha kuvuta pumzi mpaka mkanda ubane.

Picha ya kwanza ya moyo wake ilionyesha kivuli upande wa chini. Daktari alisema huenda damu haifiki pale. Leo picha ingerudiwa. Kivuli kikiwepo tena, atapasuliwa, na tarumbeta ndiyo basi. Njia nzima mzee alilipakata tarumbeta lake. Niliogopa, sifichi.

Hospitalini, mpiga picha za moyo, binti mchangamfu, aliniruhusu nikae naye nyuma ya kioo. Akamwambia mume wangu, aliyelazwa kwenye mashine na kufunikwa shuka, kupitia kipaza sauti, "Mzee, dakika kumi tu. Usisogee, pumua polepole."

Tumbo likapanda. Likazidi kupanda, na shuka juu yake, kisha vyote vikashuka.

"Mwanangu," nikasema, "huyo ukimwambia polepole, anavuta hewa ya wimbo mzima!"

Binti akatazama, akasimamisha mashine. "Kumbe! Akipumua hivyo moyo nao unapanda na kushuka, picha inaweza kutoa kivuli cha uongo. Hivi huwa hapumui kama watu wengine?"

"Mjukuu akimlalia kifuani tu. Anaogopa kumwamsha."

Akanisogezea kipaza sauti.

"Mzee wangu," nikasema, "mjukuu amekulalia. Ole wako umwamshe."

Akatabasamu. Shuka likatulia, likawa linatikisika kidogo tu, dakika zote kumi.

Daktari aliziweka picha mbili pamoja. "Mama, kivuli hakipo. Damu inafika kote. Zile zilikuwa pumzi zake tu." Nikamkumbatia daktari bila kuomba ruhusa, nikacheka huku machozi yananitoka.

Tarumbeta lilikuwa kwenye gari. Alikataa kuliacha nyumbani. Hatujafika getini, mzee kashalitoa, kajaza tumbo, kapuliza. Walinzi wakapiga makofi, nami nikacheza palepale, na mkoba mkononi.

Dirisha la juu likafunguka. Alikuwa yule binti.

"Mzee, nakuomba! Nina mgonjwa kwenye mashine, na mguu wake unacheza!"

Mume wangu akalishusha tarumbeta. Safari hii hakubisha.